Dinari Mbili na Daftari Lisilosahau



Leo tuongee jambo ambalo kwa wengine litasikika kama stori za watu wa kompyuta. Ukilichimba kidogo, unakuta ni swali la Amri Kuu kabisa: nampendaje jirani yangu anayeumia rohoni bila kumvua nguo mbele za watu?

Kuna wazo linalozunguka mitandaoni, kwamba fedha za kuwatibu watu wenye magonjwa ya akili zichangwe na kugawiwa kwa intaneti iliyogatuliwa. Maana yake nini? Intaneti tuliyoizoea ina mabosi. Picha zako zinakaa kwenye kompyuta za kampuni fulani, pesa zako ziko kwenye daftari la benki fulani au mtandao wa simu fulani. Intaneti iliyogatuliwa inataka kumwondoa bosi. Daftari linakuwa moja, lakini nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, kila mtu anaweza kulisoma, na kilichoandikwa hakifutiki. Daftari hilo ndilo linaloitwa blokicheni. Bitcoin, iliyoanza kufanya kazi Januari 2009, ilijengwa juu yake. Ethereum ilipokuja mwaka 2015 ikaongeza mikataba inayojitekeleza yenyewe: ukiandika kwamba sharti fulani likitimia pesa ziende kwa fulani, zinakwenda, bila karani wala sahihi ya mkurugenzi.

Kwa hiyo mtu aliyeko Toronto anaweza kuchangia tiba ya mtu aliyeko Mlali, na pesa zisipitie ofisi kumi ambazo kila moja inakata chake. Wazo zuri, siyo? Ni zuri. Ila lina bei yake, na bei hiyo hailipwi na mchangiaji. Hapo ndipo nataka tukae leo.

Kwanza, shida ni ya kweli

Tuseme kuna kijana Mlali, pale chini ya milima ya Uluguru upande wa magharibi, barabara inayotoka Sangasanga kupitia Mzumbe kwenda Mgeta. Analima nyanya za kumwagilia. Msimu huu bei imeanguka, tenga halirudishi hata gharama ya dawa na mbegu. Alikopa kwa wale wa kausha damu. Akajaribu kujikomboa kwa kubeti, mkeka ukachanika. Sasa halali usiku, hali chakula, haji Misa, na kichwani kuna sauti inayomwambia kwamba nyumbani wangepumua kama asingekuwepo.

Kijana huyu hana jina, ni mfano tu. Lakini nyote mnamfahamu.

Msaada wake uko wapi? Mtaalamu wa afya ya akili atampata mjini Morogoro, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Hali ikiwa nzito zaidi, Hospitali ya Taifa ya Mirembe iko Dodoma. Kwa mtu aliyezama kwenye madeni, nauli ya kwenda na kurudi kila wiki siyo jambo dogo. Na siyo nauli tu. Kuna siku nzima ya shamba inayopotea, na kuna ile aibu ya kuonwa na mtu wa kijijini kwenu umekaa kwenye benchi la “wagonjwa wa akili”.

Mwaka 2005 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake kijana kwa kujiua. Binti huyo alitakiwa arudi hospitali, ila familia yake haikuwa na dola 15 za nauli. Dola 15 tu. Mwaka uliofuata Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare wakae kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Benchi hilo likaitwa Benchi la Urafiki. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye kliniki 24 za Harare, wenye washiriki 573, yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili nzito walikuwa takriban asilimia 14 kwa waliokaa na bibi, na takriban asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika hadi Zanzibar.

Kwa hiyo tiba ya mazungumzo inafanya kazi, hata inapotolewa na bibi asiye na digrii lakini aliyefundishwa vizuri. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu kidogo: nauli, posho ya bibi, mafunzo, simu ya kufuatilia. Vitu vidogo vya namna hii ndivyo ambavyo mchango wa watu wengi unaweza kuvilipia. Tusiwacheke basi wanaotafuta njia mpya ya kuchanga.

Pili, teknolojia yenyewe haina pepo

Wapo watakaosema kila kitu cha mtandaoni ni cha shetani. Hapana. Tuitendee haki.

Kwanza, daftari la wazi linambana mwizi. Ni mara ngapi mmesikia fedha za misaada zimeishia kwenye semina hotelini? Daftari likiwa wazi, hata mkulima wa Mlali mwenye bando la siku anaweza kuona kiasi gani kimeingia na kimekwenda wapi.

Pili, kuna namna ya kuchanga ambayo ukiisikia unamkumbuka yule mjane wa hekaluni (Mk 12:41-44). Mwaka 2018 Vitalik Buterin, mwanzilishi wa Ethereum, pamoja na Zoë Hitzig na Glen Weyl, walipendekeza fomula ya kugawa fungu la wafadhili. Kila mchango unatafutiwa kipeuo chake cha pili, vipeuo vyote vinajumlishwa, halafu jumla inazidishwa kwa yenyewe. Hesabu hii inafanya nini? Mtu mmoja akitoa sh 100,000 peke yake, mradi unapata uzito wa 100,000. Watu 100 wakitoa sh 1,000 kila mmoja, pesa ni ileile sh 100,000, lakini uzito unakuwa 10,000,000. Fungu kubwa la wafadhili linagawanywa kufuata uzito huo. Yaani wengi wenye kidogo wanamshinda mmoja mwenye kingi. Bwana Yesu alipokaa mbele ya sanduku la sadaka, alihesabu kwa namna inayofanana na hiyo kuliko anavyohesabu mhasibu.

Tatu, jirani zetu Wakenya wamejaribu. Mwaka 2013 katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, lilianzishwa tokeni la mtaa lililoitwa Bangla-Pesa, ili watu wasio na shilingi waweze kuuziana na kusaidiana. Waanzilishi walikamatwa kwanza, baadaye mashtaka yakafutwa. Kazi hiyo iliendelea chini ya shirika la Grassroots Economics, likazaliwa Sarafu, lililowekwa kwenye blokicheni na kutumika kwa simu ya kitochi, kwa zilezile namba za nyota na reli. Sarafu siyo mradi wa tiba ya akili. Lakini limeonyesha kwamba kikundi cha akina mama mtaani kinaweza kutumia teknolojia hii bila kujua hata jina lake.

Na Kanisa lina neno juu ya ugatuzi. Mwaka 1931 Papa Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno, alifundisha kanuni auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya, ile kubwa isilinyang'anye, imsaidie mdogo, isimmeze. Maaskofu wa AMECEA waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji Afrika Mashariki miaka ya 1970, kabla intaneti haijafika kwetu. Mtu akisema “tupeleke uwezo chini kwa watu”, Mkatoliki hana haja ya kuogopa. Amelisikia hilo muda mrefu.

Niseme na hili kwa ufupi ili mtu asiingie mkenge. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwaka 2019 kwamba sarafu za mtandaoni hazitambuliki kuwa fedha halali nchini. Mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo anayekuja kigangoni kwenu kukusanya hela za “sarafu ya afya ya akili”, mwombe vibali, na ushike mfuko wako.

Tatu, bei yenyewe

Sasa turudi kwa kijana wetu. Pesa ziko kwenye daftari, sharti likitimia zinatoka. Sharti gani? Mashine haina macho. Haijui kama kijana analia. Inataka ushahidi.

Ushahidi wa kwanza: kwamba wewe ni mtu mmoja wa kweli. Ile fomula nzuri ya mjane ina tundu. Tapeli mmoja akijifanya watu 100, anazoa fungu lote. Kwa hiyo lazima kila mtu athibitishe kwamba yeye ni yeye. Tuliona mambo hayo yalivyofika Nairobi. Julai 2023 mradi wa Worldcoin uliwapanga watu foleni KICC ili wapigwe picha ya mboni ya jicho, na kila mmoja apewe tokeni zenye thamani ya kama sh 7,000 za Kenya. Mapema Agosti serikali ikasimamisha, wakati watu zaidi ya 350,000 walikuwa wameshajiandikisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa hizo za miili ya watu zifutwe. Jiulize nani alikuwa kwenye foleni ile. Wengi walikuwa vijana wasio na kitu mfukoni. Mtu mwenye mshahara mzuri hauzi jicho lake kwa sh 7,000.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi: kwamba unaumwa kweli, na kwamba tiba inakusaidia. Mchangiaji wa mbali anataka matokeo. Basi kijana ajaze fomu: umelala saa ngapi, umelia mara ngapi, umewahi kufikiria kujiua, umewahi kujaribu? Majibu yanageuka alama, alama zinageuka pesa. Na kama mjenzi wa mfumo hana busara, majibu hayo, au alama yoyote inayoweza kuunganishwa nayo, yanabaki kwenye daftari lisilofutika.

Utasema, si wanaandika namba tu, hakuna jina? Namba leo, jina kesho. Mlali si Dar es Salaam. “Mwanaume, miaka 23, mkulima wa nyanya, Mlali, kikao cha nne”: nipe jioni moja kijiweni nitakuambia ni nani.

Na hapa Tanzania hili halikomei kwenye umbea. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Kwetu bado kipo. Kwa hiyo kijana anayejibu “ndiyo, niliwahi kujaribu” ili apate nauli ya tiba, anaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye daftari lisilosahau, jambo ambalo sheria ya nchi yake inaliita kosa. Hiyo ndiyo bei.

Wapenzi wa blokicheni watanijibu kwamba daftari la bosi mmoja ni hatari zaidi. Wana hoja. Finland kulikuwa na kituo cha tiba ya mazungumzo kiitwacho Vastaamo, chenye kumbukumbu za wagonjwa kwenye mfumo wake wenyewe. Mwizi wa mtandaoni aliziiba, na mwaka 2020 akawa anawaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa kwa Bitcoin, la sivyo ulichomwambia mtaalamu wako kitaanikwa. Walioguswa walikuwa kama watu 33,000. Kwa hiyo ndiyo, kabati la bosi mmoja huvunjwa. Lakini fundisho ninaloliona hapo ni kwamba kilio cha mtu hakipaswi kukaa popote ambapo kinaweza kuibwa, na vibaya zaidi kikiwa pahali ambapo hakiwezi hata kufutwa.

Nne, Mungu anayesahau

Tuna imani ya ajabu sana, wapendwa, na wakati mwingine hatuoni ilivyo ya ajabu. Tunamsadiki Mungu ajuaye yote, ambaye kwa vinywa vya manabii Isaya na Yeremia ameahidi kutozikumbuka dhambi zetu. Nabii Mika anamwona akizitupa kilindini mwa bahari. Mungu angeweza kuwa na daftari kamili kuliko blokicheni zote, lakini amechagua kulitosa.

Ndiyo maana Kanisa linailinda siri ya maungamo kwa ukali. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa inasema siri hiyo haivunjwi kwa neno, kwa namna nyingine yoyote, wala kwa sababu yoyote ile. Padre hatoi hata takwimu za maungamo yako. Tiba ya mazungumzo siyo Sakramenti ya Kitubio, tusichanganye. Ugonjwa wa akili siyo dhambi. Lakini vitu viwili hivi vinafanana kwa jambo moja: mtu hufungua moyo pale tu anapojua mlango umefungwa. Ndiyo maana Katekisimu, namba 2491, inataka siri za kitaaluma, kama zile za daktari, zitunzwe, isipokuwa kwa sababu nzito za pekee kama kumwepusha mtu na madhara makubwa.

Someni tena mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37), safari hii kwa jicho la fedha. Yule mtu aliyepigwa njiani kwenda Yeriko hana jina. Hatujui kabila lake wala kilichompeleka njia ile. Yesu hajatuambia, na Msamaria hakuuliza. Msamaria alimwona, akamhurumia, akamfunga majeraha kwa mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake, akamtunza usiku kucha. Kesho yake ndipo zinatoka dinari mbili. Anampa nani? Mwenye nyumba ya wageni. Anamwambia amtunze, na akitumia zaidi atalipwa yeye Msamaria akirudi.

Hapo pana mfumo mzima wa kugharimia tiba. Pesa zinahesabika: dinari mbili, siyo moja wala tatu. Anayetoa huduma anawajibika, kwa sababu Msamaria atarudi. Kuna nafasi ya kuongeza gharama ikizidi. Lakini aliyejeruhiwa hadaiwi kitu. Hatii sahihi, haonyeshi majeraha kwa mchangiaji wa pili, halipii huruma kwa stori yake.

Basi jibu langu kwa swali la leo ni hili: daftari la fedha liwe wazi, daftari la moyo lifungwe. Mchangiaji ana haki ya kujua pesa zake zimeenda wapi. Hana haki ya kujua zimemwendea nani, wala huyo alilia nini. Asiyeridhika mpaka aone jeraha, huyo ananunua kitu, hatoi sadaka.

Tano, tusikwepe pingamizi

La kwanza: bila ushahidi, matapeli watakula. Kweli, matapeli wapo, hata kwenye michango ya misiba. Lakini mkague mwenye nyumba ya wageni, usimkague mgonjwa. Andikeni daftarini kwamba bibi au mnasihi fulani amefundishwa, anasimamiwa na mtaalamu, amekaa vikao 40 mwezi huu, amelipwa posho kiasi fulani, na kwamba nauli zimetolewa mara kadhaa. Msimamizi aende ghafla, aone benchi lipo na watu wapo. Wachache wakidanganya, wakala nauli ya bure, tumepoteza nauli. Tukimwanika mmoja aliyeumia, tunaweza kumpoteza mtu.

La pili: taarifa ni zangu, nikikubali mwenyewe kuziuza, kosa liko wapi? Hoja hii ina uzito, kwa sababu Mungu ametuumba huru. Lakini Katekisimu, namba 2282, inatukumbusha kwamba mateso mazito ya akili na hofu kubwa vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu. Kanisa limesema hivyo kwa huruma, ili tusiwahukumu waliojiua, na namba inayofuata inatuambia tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Lakini chukua ukweli huohuo uugeuze upande wa pili: kama maumivu yanapunguza uhuru, basi “nimekubali” ya mtu anayezama siyo ridhaa ambayo tajiri anaweza kuisimamia mbele ya Mungu. Anayezama hushika hata upanga. Usimwuzie upanga halafu ukasema alichagua.

La tatu linatugusa sisi wenyewe, nalo ndilo gumu kuliko yote. Kijana wa Mlali anaweza kuniambia: “Kaka, unaogopa daftari lisilofutika la kwenye mtandao? Lipo tayari hapa kijijini.” Na atakuwa amesema kweli. Vinywa vyetu vina nakala nyingi kuliko kompyuta. Binti alizimia shuleni mwaka wa nyuma kabisa, leo ni mama wa watoto wawili, bado anaitwa “yule wa mapepo”. Jirani alilazwa Mirembe wiki tatu, hata leo akikasirika kidogo watu wanatazamana. Kwenye Jumuiya tunaombeana kwa majina, halafu tukitoka nje ya geti yale majina yanaendelea na safari. Kwa nini wengi wanapendelea kumwandikia mtu wasiyemjua kwenye simu usiku? Kwa sababu asiyekujua hawezi kukusema.

Kwa hiyo hatuwezi kusimama tukaikemea blokicheni kwa sifa ya kutosahau wakati sisi tumeifanya kuwa desturi. Waliobuni Bitcoin walitaka mfumo ambao humlazimu mtu kumwamini mtu. Tunaweza kusikitika kwamba wamefikia huko, lakini tuulize pia nani aliivunja imani hiyo kwanza. Tiba ya roho haiwezi kufanyika bila kuaminiana. Mashine inaweza kufikisha nauli, haiwezi kukaa kwenye benchi. Anayeweza kukaa pale ni wewe, kama tu ulimi wako una mlango.

Tufanye nini?

Yupo mtakatifu wa kutuongoza: Yohane wa Mungu, aliyefariki Granada, Hispania, mwaka 1550. Alipopata mtikisiko mkubwa wa roho alifungiwa hospitali kama mwendawazimu na kuchapwa, kwa sababu ndivyo “walivyotibu” wakati ule. Alipotoka, akaanzisha nyumba ya kuwatunza wagonjwa, na jioni alipita mitaani na kapu begani akiwaombea michango. Mchango wa watu wengi wadogo, karne tano zilizopita! Watu walijua kapu ni la wagonjwa na waliona mkate unakwenda wapi, bila kuhitaji kuletewa wagonjwa barabarani.

Kwa hiyo VIWAWA wa Mlali, na ninyi wengine mlipo, nawaachia mambo matatu.

Moja, anzeni na kapu. Hata kibubu cha nauli kigangoni: kila mwenye nacho anatia, anayehitaji kwenda kliniki anamwambia mtu mmoja tu mwaminifu, anapewa. Kila mwezi yatangazwe yaliyoingia na yaliyotoka. Majina yasitangazwe, kamwe. Siku teknolojia halali na salama itakapofika, italikuta kapu tayari na itawaongezea wachangiaji kutoka mbali.

Mbili, fungeni mdomo. Fanyeni zoezi kwa mwezi mmoja: jambo lolote la huzuni mliloambiwa, liishie kwenu na kwenye sala. Isipokuwa hili: mtu akikuambia anataka kujiua, usibaki na siri hiyo peke yako. Usimwache peke yake, na mtafuteni pamoja mtu mzima mnayemwamini na mhudumu wa afya, siku hiyohiyo.

Tatu, wewe unayesoma hapa saa nane za usiku, na ile sauti inakuambia nyumbani wangepumua kama usingekuwepo: sauti hiyo ni ugonjwa unaosema, siyo ukweli, na haitoki kwa Mungu. Usibaki nayo peke yako usiku huu. Mwamshe mtu mmoja. Asubuhi nenda zahanati au kituo cha afya, sema hata sentensi moja: “Nina mawazo yananizidi.” Kwenda kutibiwa siyo upungufu wa imani, kama vile kumeza dawa ya malaria siyo upungufu wa imani. Na wala huhitaji kuthibitisha kwanza kwamba umeumia vya kutosha ili ustahili kusaidiwa.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, Msamaria wetu, ulituokota njiani bila kutuuliza tulifikaje pale. Uwaguse usiku huu wote wanaoumia rohoni Mlali, Mgeta, Mzumbe na kila mahali. Utupe mikono inayotoa bila kudai kuonyeshwa majeraha, na ndimi zinazojua kunyamaza. Utufundishe kusahau kama unavyosahau Wewe. Mtakatifu Yohane wa Mungu, utuombee. Amina.